Nirushe intaneti kwenye gigahezi 5.9? Jibu kwa fundi wa Kimara

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi wa mitandao, nipo Kimara. Nina wateja kuanzia Mbezi mpaka Ubungo, nawarushia intaneti kwa madishi ya gigahezi 5.8. Siku hizi masafa yamejaa, kila paa lina dishi, na ikifika jioni spidi inashuka mpaka simu za wateja hazikatiki. Nikipima naona kuanzia 5.850 kwenda 5.925 pametulia kabisa. Fundi mwenzangu kanionyesha namna ya kubadilisha nchi kwenye mpangilio wa kifaa ili kifike huko. Mteja wangu mmoja mwenye yadi ya magari kanionya kwamba hayo ni masafa ya magari kuzungumza yenyewe kwa yenyewe, eti hata Crown zake zinayatumia. Lakini nimesoma kuwa Marekani wenyewe waliyanyang'anya magari masafa hayo wakaipa Wi-Fi. Kwani magari na Wi-Fi haviwezi kuyatumia pamoja? Na mimi nikiingia huko, nitakuwa nimemkosea nani?

Jibu: Marahaba. Usiingie huko, na sababu ya kwanza wala si magari.

Kifaa chako kikikuonyesha kwamba 5.850 mpaka 5.925 pametulia, kimekwambia jambo moja tu: hapo juu ya paa lako, kwa upande ambao dishi linatazama, hakuna anayerusha kwa nguvu. Nani anasikiliza, hakikwambii. Katika mgawanyo wa kimataifa wa masafa, Tanzania tuko kanda moja na Afrika yote na Ulaya, na katika kanda hiyo kipande unachokitamani kina wenyewe watatu: mawasiliano ya vituo visivyohama, mawasiliano ya vyombo vinavyohama, na vituo vya ardhini vinavyorusha kwenda kwenye satelaiti. Huyu wa tatu dishi lake limetazama juu, kwa hiyo hata akiwa mtaa wa pili unaweza usimsikie. Msikilizaji wake yuko kilomita kama 36,000 juu ya ikweta, na kutoka huko anasikia bara zima kwa mpigo. Dishi lako peke yake halimsumbui. Shida ni kwamba kila fundi kuanzia Dar mpaka Dakar akipima ataona utulivu uleule, na wote mkiingia, kelele zenu zinajumlishwa kwake.

Kuna tofauti kidogo kati ya chini na juu ya 5.875. Kipande cha 5.725 mpaka 5.875 kimetengwa pia kimataifa kwa mitambo ya viwandani, ya kisayansi na ya tiba, na huduma za redio zilizomo humo hulazimika kuvumilia kelele za mitambo hiyo. Ndiyo maana 5.8 yako imekuwa soko la kila mtu duniani. Kuanzia 5.875 kwenda juu msamaha huo haupo. Na hata huko chini, kuvumilia kelele za mashine ni jambo moja, ruhusa ya kurusha intaneti ni jingine. Ruhusa hiyo inatoka TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Kudanganya nchi kwenye kifaa hakubadilishi mahali dishi lilipo.

Sasa yule mwenye yadi. Nia yake njema, ila kachanganya mambo mawili. Toyota walianza kuweka mfumo wa magari kuzungumza huko Japani mwaka 2015, na kweli walianza na Crown. Lakini Japani waliamua kuyaweka mazungumzo hayo kwenye megahezi 760, yaani 755.5 mpaka 764.5, mbali kabisa na Wi-Fi yako. Hapa kwetu masafa ya 700 TCRA iliyapiga mnada kwa ajili ya simu, na katika mpangilio wa kawaida wa bendi hiyo minara ya 4G hurusha kuanzia 758. Kwa hiyo Crown yenye kifaa hicho, na si kila Crown inacho maana kilikuwa cha kuongezewa, ikishuka bandarini Dar inajikuta inaongea ndani ya masafa ya simu, wala hakuna gari au taa ya barabarani ya kuijibu. Ni kisa kilekile cha redio za magari hayo zinazoishia FM 90 wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Hilo la Crown ni swali la kampuni za simu na TCRA, si lako.

Na yule dada wa Kijapani anayezungumzia kadi ya ETC kila ukiwasha gari? Huyo kweli ni jirani yako, yuko kwenye 5.8. Kazi yake ni kulipia barabara za kulipia. Redio yake hukaa kimya mpaka isikie mtambo wa getini, na mageti yake yamebaki Japani. VTS, kifaa cha LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) cha kufuatilia mabasi ya mikoani, nayo haihusiki. Ile hutuma mahali basi lilipo na mwendo wake kwa mtandao wa simu wa kawaida.

Habari ya Marekani uliyoisoma ni kweli nusu. Mwaka 1999 mamlaka ya mawasiliano ya huko, FCC, ilitenga megahezi 75, kuanzia 5.850 mpaka 5.925, kwa ajili ya usalama wa barabarani, na teknolojia iliyochaguliwa, ya ukoo wa Wi-Fi, iliitwa DSRC. Kiwango chake cha kiufundi, 802.11p, kilikamilika 2010. Mwishoni mwa 2016 serikali ikapendekeza magari mapya yote yalazimishwe kuwa nayo, pendekezo ambalo halikuwahi kuwa sheria. Cadillac CTS ya 2017 ilitoka nayo, lakini watengenezaji wengine hawakukimbilia kufuata. Miaka ishirini ikapita masafa yakiwa karibu matupu huku Wi-Fi ikikosa pa kukaa. Novemba 2020 FCC ikakata kipande: megahezi 45 za chini, 5.850 mpaka 5.895, zikaenda kwa Wi-Fi. 30 za juu zikabaki za magari, ila kwa teknolojia nyingine iitwayo C-V2X iliyozaliwa upande wa simu. Wenye barabara wakaenda mahakamani, wakashindwa Agosti 2022. Novemba 2024 zikatoka kanuni za mwisho zilizoipa DSRC miaka miwili iondoke.

Ukitazama Ulaya, wao walikwenda njia nyingine. Walitenga 5.875 mpaka 5.905 mwaka 2008, na 2020 badala ya kupunguza wakaongeza mpaka 5.935, sehemu ya juu wakiipa treni za mijini kipaumbele. Volkswagen Golf ya kizazi cha nane inatoka kiwandani ikizungumza humo kwa ile teknolojia ya ukoo wa Wi-Fi. China mwaka 2018 ikachukua 5.905 mpaka 5.925 kwa C-V2X. Weka hizo tatu juu ya karatasi moja utaona kitu: kuanzia 5.905 mpaka 5.925 wote wamekutana. Magari ya miaka kumi ijayo yatakayoshushwa Dar, yatoke popote isipokuwa Japani, yana uwezekano mkubwa wa kuzungumzia hapo.

Nije kwenye swali lako zito, kwamba kwani haviwezi kutumia pamoja. Hili lilikalisha wahandisi mezani kuanzia 2013 mpaka 2015 katika kundi maalumu la IEEE, chama cha wahandisi kinachoandika viwango vya Wi-Fi, na waliondoka bila kukubaliana. Mtu wa nje angeshangaa, maana DSRC ni mtoto wa Wi-Fi kabisa. Walichukua Wi-Fi ya gigahezi 5, wakaipunguza kasi nusu: chaneli ya megahezi 10 badala ya 20, na kila alama ya data ikachukua mikrosekunde 8 badala ya 4, ili mwangwi wa mawimbi yanayogonga majengo ufe kabla alama inayofuata haijafika. Wakaondoa pia habari ya kujiunga na mtandao. Magari mawili yanayopishana hayana muda wa kupeana nywila. Kila gari linatangaza tu, mara kumi kwa sekunde: niko hapa, naelekea huku, mwendo wangu huu, nimekanyaga breki. Aliye ndani ya mita mia chache anasikia.

Wi-Fi nayo ina adabu yake ya kusikiliza kabla ya kusema. Lakini inasikiliza kwa namna mbili, na hapa ndipo penye kiini cha ugomvi. Fikiria umekaa stendi ya Magufuli pale Mbezi, katikati ya makelele ya wapiga debe: mtu akitaja jina lako hata kwa sauti ndogo utageuka, lakini anayeongea lugha usiyoijua utamtambua kuwa yupo pale tu atakapopiga kelele kuliko wengine. Ruta ya Wi-Fi kwenye chaneli ya megahezi 20 ikitambua mwanzo wa ujumbe wa Wi-Fi mwenzake, inatakiwa kunyamaza hata kama ujumbe huo ni dhaifu kiasi cha desibeli hasi 82. Kama haitambui ni nini, inanyamaza tu endapo nguvu inafika hasi 62. Tofauti ni desibeli 20, yaani nguvu mara mia. Na ujumbe wa DSRC, kwa kuwa umepunguzwa kasi nusu, ruta ya kawaida haiutambui. Kwa mahali pa wazi mara mia ya nguvu ni mara kumi ya umbali: gari ambalo ruta ingeliheshimu likiwa mita 500, sasa inaliheshimu likifika mita 50. Basi la mkoani lenye kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Mita 50 zimekwisha kabla dereva hajamaliza kushtuka.

Unaweza kusema, basi ruta zifundishwe kuutambua. Kampuni ya mitandao ya Cisco walipendekeza hivyo hasa: Wi-Fi isikilize chaneli za megahezi 10, ikisikia gari hata kwa mbali ihame bendi nzima. Karatasini ni safi. Barabarani inagonga ukuta wa pili, ambao kwa maoni yangu ndio mgumu zaidi: anayesikiliza ni mrushaji, anayeumia ni mpokeaji, na hawa wawili hawako mahali pamoja. Chukua pale Magomeni, Kawawa inapokatana na Morogoro. Basi la mwendokasi linakuja na njia yake, bodaboda anachomoza kutoka pembeni ambako jengo limewaficha wasionane. Hapo ndipo mazungumzo ya magari yana faida kuliko popote, maana macho hayafiki, na hapohapo ndipo mawimbi yanapofika yakiwa hoi. Tuseme ghorofani kuna ruta. Kati yake na bodaboda kuna kuta mbili, haimsikii, inaona njia nyeupe na kurusha. Dirisha lake linatazama basi moja kwa moja, na basi, lililokuwa linategea ujumbe dhaifu wa bodaboda, linapokea filamu ya mtu aliye ghorofa ya tatu. Ruta haijavunja kanuni yoyote.

Pendekezo la pili, la Qualcomm, watengenezaji wa chipu za simu, lilikuwa kuhamishia mambo ya usalama kwenye megahezi 30 za juu na kuachia Wi-Fi ichanganyike na yasiyo ya haraka katika 45 za chini. Ukisoma namba hizo utagundua ndizo FCC ilizoishia nazo miaka mitano baadaye, tena bila kuchanganya chochote.

C-V2X imefanya mchanganyiko uwe mgumu zaidi. Yenyewe si ukoo wa Wi-Fi hata kidogo. Gari linasikiliza kwa muda wa sekunde moja, linaona nafasi zipi za milisekunde moja moja zimeshikwa na nani, kisha linajichagulia nafasi na kuirudia kwa mpangilio, kwa mfano kila milisekunde 100, saa yake ikienda kwa satelaiti. Ni utaratibu unaoamini kwamba kilichotokea sekunde iliyopita kitatokea tena. Wi-Fi haina mpangilio wa aina hiyo, inasema inapopata mwanya. Ukiziweka pamoja, gari linachagua nafasi iliyokuwa wazi na kukuta video ya mtu imekaa humo. Na kwa vile C-V2X haisiti kila mara kabla ya kurusha, Wi-Fi nayo inakatwa katikati ya sentensi. Wote wanaumia, ila mmoja wao anaumia kwa kusubiri video na mwingine kwa kugonga mtu.

Yote hayo nimeyasema kwa ruta ya nyumbani. Yako ni nyingine. Gari la C-V2X hurusha kwa kiasi cha miliwati 200 na antena ndogo ya juu ya paa. Redio yako inaweza kuwa na miliwati zilezile, ila umeiweka nyuma ya dishi la desibeli 30, na dishi hilo linakusanya nguvu mara elfu kwa upande mmoja. Kwa aliye mbele yake ni kama wati 200. Halafu dishi lenyewe liko Kimara, juu, likitazama Ubungo, yaani limelala sambamba na Barabara ya Morogoro, na chini yake njia nzima ya mwendokasi. Ukiniambia nichore namna mbaya kuliko zote ya kuweka mrushaji kwenye masafa ya magari, ningechora hivyo hivyo.

Leo magari yenye uwezo huo Dar ni ya kutafuta, na nasikia ukiuliza: basi kwa nini nisitumie mpaka yafike? Hapa natoa maoni yangu, si kanuni. Masafa ya bure yakishaingiwa hayarudi. Mwenye leseni unamjua, unamwandikia barua ahame. Madishi elfu kadhaa yaliyofungwa na mafundi wasio na rejista, juu ya mapaa ya watu, utamwandikia nani? Marekani walikuwa na masafa matupu kwa miaka ishirini, wakapata lawama za kuyafungia bure, na lawama hizo zilikuwa za haki. Lakini walipotaka kugawa, angalau kipande cha juu kilikuwa bado safi. Sisi tuna bahati ya kuwa nyuma. Tunaweza kuliacha eneo la 5.875 mpaka 5.925 bila mrundikano kwa gharama ya karibu sifuri, tukasubiri kuona dunia imetulia wapi. Mkutano wa dunia wa redio wa 2019 pale Sharm el-Sheikh ulizishauri nchi zifuate bendi zinazolingana kwa mifumo ya aina hii, na nchi isiyotengeneza gari ina sababu zaidi ya kufuata ushauri huo kuliko Japani. Megahezi 45 ambazo Marekani walizikata zilikuwa na maana kwao kwa sababu zilikamilisha chaneli moja pana ya megahezi 160 juu ya bendi waliyokuwa nayo tayari. Wewe chaneli ya megahezi 160 huitaki, unataka Kimara isikatike saa mbili usiku.

Kwa hilo kuna dawa, na naanza na iliyo rahisi. Punguza upana wa chaneli. Mafundi wengi Dar wanafungua megahezi 40 au 80 wakidhani upana ndio spidi. Kwenye masafa yaliyojaa, 80 maana yake umeokota kelele za majirani wanne kwa mkupuo. Rudi 20 na uone ubora wa mawimbi unavyopanda. Angalia pia ukingo: chaneli ya 40 iliyowekwa katikati ya 5.840 tayari inafika 5.860, na mkia wake unavuja mbele zaidi ya hapo, hata kama hukukusudia kumgusa mtu.

Pili, pima kama kelele si zako mwenyewe. Mwenye vituo kadhaa mara nyingi ndiye adui wake mkubwa, kituo kimoja kikirusha wakati kingine kinapokea. Vifaa vinavyofuata saa ya GPS hurusha pamoja na kupokea pamoja, na chaneli moja unaweza kuirudia kwenye vituo viwili vinavyopeana mgongo. Punguza na nguvu kwa wateja wa karibu. Mteja wa mita 300 hahitaji kusikika Kibamba.

Kwa wateja wa umbali mfupi, chini ya kilomita moja, jaribu vifaa vya gigahezi 60. Hewa yenyewe inazimeza, kwa hiyo jirani wa mtaa wa tatu hakusumbui, ila masika ya Aprili yatakunyoosha, basi acha kiungo cha akiba. Sehemu za chini za gigahezi 5 nazo angalia masharti yake TCRA, na popote kifaa kinapotakiwa kukwepa rada usikizime kipengele hicho. Rada za hali ya hewa za nchi nyingi ziko 5.600 mpaka 5.650, na dishi lililozimiwa kipengele hicho huonekana kwenye picha ya rada kama mstari ulionyooka unaoelekeza moja kwa moja nyumbani kwa fundi.

Kiungo chako kikuu cha Mbezi mpaka Ubungo kitoe kabisa kwenye masafa ya bure. Ama nunua nyuzi za mkongo kwa aliyepitisha kando ya Barabara ya Morogoro, ama omba TCRA masafa yenye leseni kwa kiungo hicho kimoja. Unalipa ada kila mwaka, lakini jirani akikuingilia una karatasi ya kumlalamikia. Ukienda kuomba, beba orodha ya vifaa vyako vyote na uhakikishe vimeidhinishwa nchini. Na huyo mwenzako aliyefungua vyake, mwambie avirudishe kwenye mpangilio wa Tanzania kabla hujaongozana naye.